Kijiti cha Saba

Jumamosi, 17 Aprili 1976

Leo ninaanza, na ninaahidi kuandika kila kitu: kizuri, kibaya, na hata kile ambacho ningependa kukiruka. Mwalimu Haddon alitugawia madaftari haya kabla ya likizo ya Pasaka. Alisema kila mmoja achague msimu mmoja na auandike mpaka uishe, na kwamba shajara inayoficha jambo moja haiaminiki hata kwa yale mengine. Mimi nimechagua msimu wa wageni.

Naitwa Judith Pardoe, nina miaka kumi na minne. Baba yangu, Wilfred Pardoe, ni mtunza bustani mkuu wa Jumba la Ormsleigh. Tunakaa katika nyumba ya matofali nyuma ya ukuta wa bustani ya mboga. Nyumba si yetu, inakwenda na kazi. Siku kazi itakapokwisha tutafungasha. Mama huoka skonzi na kuuza chai katika lililokuwa zizi la farasi. Mzee Enoch Beddoes humsaidia baba. Zamani watunza bustani walikuwa kumi na wawili. Sasa ni hao wawili.

Kesho tunafungua. Jumapili na Jumatano, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili.

Jumapili, 18 Aprili

Wageni 64. Upepo baridi. Kazi yangu ni kusimama juu ya ngazi kuu kuhakikisha hakuna anayevuka kamba. Watu huingia ukumbini, hupita chumba cha kulia, hupanda ngazi kuitazama picha ya Arabella, bibi wa kale wa jumba, halafu hushuka bustanini. Bwana mmoja aliniuliza kama mwenye jumba bado yu hai. Nilimwambia yu hai. Akasema basi angefuta vumbi. Bibi Thursby, mwenye jumba mwenyewe, alikuwa nyuma ya mlango wa maktaba, hatua tatu kutoka pale, na najua alisikia, maana hukaa humo kila siku ya wageni na mbwa wake, akisikiliza tunavyomsema. Hatoki. Mama anasema anahesabu matusi kama wengine wanavyohesabu kondoo.

Jumapili, 25 Aprili

Wageni 41. Mvua hakuna.

Jumatano, 12 Mei

Mvua hakuna. Baba ameanza kupima kina cha kisima kwa kamba yenye mafundo.

Ijumaa, 21 Mei

Leo baba alikwenda kumwomba Bibi Thursby ruhusa ileile anayoiomba kila mwaka, na akarudi na jibu lilelile.

Lazima nieleze. Kwenye ukuta wa kusini wa jumba kuna mwaridi mmoja mkubwa, shina lake ni nene kuliko paja la baba. Ni ule ambao Arabella ameshika ua lake katika picha. Ua lake hufunguka likiwa la njano kama siagi na hupukutika likiwa jekundu, kwa hiyo katika wiki zake tatu ukuta mzima una rangi zote kwa pamoja. Hakuna mwingine popote. Babu wa marehemu mume wa Bibi Thursby aliweka sharti kwamba usitolewe hata kijiti, si kwa rafiki, si kwa mfalme, na sharti limefuatwa. Baba huomba kupanda mmoja tu wa akiba, humuhumu ndani, nyuma ya nyumba ya vioo ambako hakuna atakayeuona.

Bibi Thursby alimjibu, "Watu wanakuja, Pardoe, kwa sababu upo mmoja. Ikiwa miwili, ni maua tu."

Baba aliporudi hakunywa chai. Alimwambia mama kwamba kitu kilichopo kimoja hakitunzwi, kinasubiriwa kife. Mama akamwambia apunguze kuongea kama kasisi.

Jumapili, 13 Juni

Mwaridi umefunguka. Wageni 188. Nimetolewa kwenye ngazi na kuwekwa bustanini, kwenye kigoda chini ya ukuta, kuulinda.

Sikujua kwamba watu wazima wenye kofia nzuri huiba. Wanaiba. Hawaibi maua, wanaiba vijiti vya kwenda kupanda kwao. Mwanamke mmoja ana mkasi wa kucha ndani ya pochi ya sabuni. Mwingine anajifanya kuyanusa maua huku vidole vinakata nyuma ya mgongo. Leo kasisi mmoja, mnene, mwenye adabu sana, aliweka kijiti ndani ya kofia yake na kuivaa, na jani moja likabaki linaning'inia juu ya sikio.

Baba amenifundisha namna ya kufanya. Usipige kelele, usiseme neno, usimwaibishe mtu mbele ya familia yake. Nenda tu usimame mbele yake, unyooshe mkono, kiganja juu, usubiri. Nilifanya hivyo kwa kasisi. Alivua kofia, akaniwekea kijiti mkononi, akasema hali ya hewa ni nzuri.

Vijiti vinne leo. Amri ya Bibi Thursby ni kwamba vichomwe siku hiyohiyo kwenye pipa la majani makavu, kisije kikapandwa hata kimoja. Nilivichoma vyote. Najisikia kama askari mzuri.

Jumatano, 23 Juni

Shule asubuhi, lakini niliachiwa kurudi saa saba kwa ajili ya kazi. Wageni 140, vijiti vitatu. Mzee Enoch ananiita Konstebo. Ameniomba nisimkamate, amechukua pipi moja ya mama.

Jumapili, 27 Juni

Wageni 212. Vijiti sita. Joto.

Jumatatu, 28 Juni

Jana niliandika uongo. Vilikuwa saba.

Wa saba alikuwa mama mzee wa miaka sitini au zaidi, aliyekuja na basi la watu wengi, mkono wake wa kulia ukiwa umetundikwa shingoni kwa kitambaa. Alisimama muda mrefu bila kusogea. Halafu mkono uliotundikwa ukatoka kwenye kitambaa, mzima kabisa, na kisu kidogo ndani yake. Wengine wote hunyofoa na kuchana ganda. Huyu alitafuta tawi la mwaka huu ambalo ua lake limeshapukutika, akakata chini ya jicho, pale chipukizi linapotokea, kwa mshazari, mara moja tu, kama baba anavyokata. Akakifunga kwenye pamba mbichi, akakirudisha pamoja na mkono ndani ya kitambaa.

Nilikwenda nikasimama mbele yake. Sikunyoosha mkono. Sijui kwa nini. Nadhani niliona aibu kukichoma kitu kilichokatwa vizuri vile.

"Mwanangu," alisema, "nimeona kwamba umeniona."

Nikamwambia, "Chai iko upande wa zizi la farasi."

Akaenda akanywa chai. Sijamwambia baba. Wajibu wangu ulikuwa mmoja tu na sikuutimiza.

Jumamosi, 3 Julai

Joto ambalo Mzee Enoch anasema hajapata kuliona. Nyasi za mbele zimekuwa rangi ya mkate. Mpira wa kumwagilia maji umepigwa marufuku wilaya nzima. Kisima kina mafundo mawili tu ya maji.

Jumanne, 6 Julai

Tangu leo maji yote ya kuogea na kuoshea vyombo, ya kwetu na ya Jumbani, yanahifadhiwa kwa ajili ya mwaridi. Bibi Thursby mwenyewe ameshusha ngazini ndoo ya maji aliyoogea, mbele ya baba, na baba alitazama ukutani mpaka akapita. Mzee Enoch anayajaza kwenye makopo ya kumwagilia na kuyapanga kando ya kibanda cha zana yapoe. Jioni jua likipungua, mtu yeyote aliye karibu anayabeba na kuumwagilia polepole. Kila jioni makopo kumi na mawili.

Jumamosi, 10 Julai

Nilibeba makopo leo, peke yangu, maana Mzee Enoch alikuwa anaumwa kichwa na baba alikuwa kwenye pampu. Mikono inauma.

Jumatano, 14 Julai

Majani ya upande wa kushoto yamejikunja. Baba anasema ni joto. Amesema mara tatu.

Ijumaa, 16 Julai

Nitaandika taratibu ili niandike yote.

Nilirudi kutoka shule nikawakuta baba na Mzee Enoch wamepiga magoti chini ya ukuta. Nusu ya mwaridi imekauka, si kwa njano ya kiu bali kwa kahawia ya kitu kilichoungua kutokea ndani. Baba alikuwa na udongo kiganjani. Nyuma yake, kando ya shina, palikuwa na makopo mawili niliyoyaacha Jumamosi. Alilipindua moja na kulifuta vumbi kwa mkono wa shati. Chini ya vumbi kulikuwa na mstari mwekundu. Alipofuta la pili, lilikuwa nao pia.

Katika bustani yoyote kopo lenye mstari mwekundu ni la dawa ya magugu. Halitiwi maji ya mimea hata likioshwa mara mia. Nilijua hilo kabla sijajua kusoma.

Mzee Enoch alisema kwamba Ijumaa iliyopita alichanganya dawa ya kuua nyasi kati ya mawe ya ua wa zizi, joto likamshinda katikati ya kazi, akayaweka makopo mawili yaliyobaki kivulini, kando ya kibanda. Kando ya mengine.

Baba akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, nani alimwagilia Jumamosi.

Mzee Enoch alifikiri. Alikuwa anaumwa Jumamosi, hakumbuki siku yenyewe vizuri. Akasema, "Itakuwa mimi, Wilf. Nani mwingine angeyachukua? Itakuwa mimi."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na begi la shule. Nilikuwa nimefungua mdomo. Kisha baba akamshika Mzee Enoch begani, na mimi nikaufunga.

Jumamosi, 17 Julai

Baba amechimba udongo wote mpaka kwenye mizizi na kuleta mwingine kwa toroli. Amekata vijiti arobaini kutoka upande ambao bado ni kijani na kuvipanda kwenye nyumba ya vioo bila kumwomba mtu ruhusa.

Jumapili, 18 Julai

Wageni 96. Walisimama mbele ya ukuta na kusema maskini. Mwanamke mmoja alidai arudishiwe kiingilio. Hakuna aliyeiba kitu.

Jumatano, 21 Julai

Shule imefungwa. Mzee Enoch ameondoka. Hakufukuzwa. Alikwenda mwenyewe kwa Bibi Thursby, akavua kofia, akasema amefanya kazi hapa miaka hamsini na mbili na hastahili tena kushika kopo. Amekwenda kukaa kwa dada yake, mjini Ludlow. Aliniaga kwa kunipa kisu chake cha kupogolea. Sikukikataa.

Alhamisi, 29 Julai

Vijiti thelathini na kimoja vimekuwa vyeusi.

Jumanne, 3 Agosti

Bibi Thursby alikuja kwetu, jambo ambalo sijawahi kuliona. Alisimama mlangoni, hakukaa. Alisema kwamba bila mwaridi hawezi kufungua mwaka ujao, na bila wageni hawezi kulishika jumba. Kuna watu wa mjini wanaolitaka, na wanalitaka tupu. Karatasi zitatiwa saini Ijumaa ya tarehe kumi na tano Oktoba. Alisema anasikitika kuhusu nyumba.

Mama alimuuliza kama anataka skonzi. Sijui kwa nini alimuuliza hivyo. Bibi Thursby akasema asante, akaichukua, akaondoka nayo mkononi kama mtu aliyepewa jiwe.

Alhamisi, 5 Agosti

Vyote arobaini. Na upande wa kulia wa ukuta umekauka pia. Baba alilikwangua shina kwa kucha, kutoka chini hadi alipofika. Ndani ni kahawia mpaka juu.

Jumatano, 11 Agosti

Wageni 9.

Jumapili, 15 Agosti

Mvua hakuna. Mama amekusanya magazeti ya kufungia vyombo. Nimehesabu vijiti nilivyovichoma mwezi wa Juni na Julai: ishirini na sita. Nilivichoma kwa bidii, nikikoroga majivu ili nihakikishe.

Alhamisi, 19 Agosti

Barua kutoka kwa dada yake Mzee Enoch. Hali chakula, hataki kutoka nje, anamwambia kila anayepita kuhusu makopo. Baba aliisoma kwa sauti mezani. Nikaomba ruhusa ya kuondoka.

Jumatano, 25 Agosti

Nimesema.

Nilimkuta baba anasawazisha lile shimo chini ya ukuta ingawa hakuna cha kupanda. Aliniambia, bila kunitazama, kwamba kinachomuuma si mti, ni Enoch. Miaka hamsini na mbili, halafu mtu amalizie hivyo.

Nikasema kwamba ni mimi. Nilimweleza Jumamosi ile, jinsi makopo yalivyokuwa na vumbi na mimi nilikuwa nataka kumaliza haraka, na jinsi nilivyosikia harufu kali na kudhani ni sabuni ya Jumbani.

Aliendelea kusawazisha.

"Makopo mangapi?"

"Mawili."

"Yote kushoto?"

"Yote kushoto."

"Na Enoch anajua?"

Nikasema hapana. Hapo akaiweka reki chini. Sijawahi kumuona baba akinitazama hivyo, kama mgeni aliyevuka kamba.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia pia kuhusu kijiti cha saba. Nilidhani nitaongeza kosa juu ya kosa. Lakini alikaa kwenye ukingo wa toroli.

"Alikata wapi?"

"Chini ya jicho. Kwa mshazari."

"Tawi la lini?"

"La mwaka huu. Ua lilikuwa limeshapukutika."

"Akakifunga na nini?"

"Pamba mbichi."

Akasema kwamba huyo hakuwa mwizi, alikuwa mtu wa kazi. Halafu akaniambia nikanawe uso, tunakwenda Ludlow.

Alhamisi, 26 Agosti

Sikuweza kumalizia jana.

Mzee Enoch alikuwa amekaa jikoni kwa dada yake na shati la kanisani, siku ya katikati ya wiki. Amekonda. Nilisimama mbele yake nikasema yote bila kulia, kwa sababu niliona kulia kungekuwa kumwomba anihurumie. Nilimrudishia kisu.

Hakukipokea upesi. Alisema, "Wiki sita, Judi."

Nikasema ndiyo.

"Ningekuwa ninalala."

Alimuuliza baba kuhusu kisima. Tulipokuwa tunatoka alinirudishia kisu, lakini hakuniita Konstebo wala jina lolote. Mimi nilidhani ukisema kweli unasamehewa papo hapo, kama vitabuni. Haiko hivyo. Unasema, na mtu uliyemkosea anaendelea kukaa jikoni na wiki zake sita.

Jumapili, 29 Agosti

Mvua. Imenyesha tangu asubuhi na wageni wote 14 walijikinga ukumbini. Kila mtu kijijini alitoka nje akasimama ndani yake. Sisi tulitazama ikimwagika kwenye ukuta mtupu.

Jumatano, 1 Septemba

Baba alinipeleka maktaba kwa Bibi Thursby. Nilisema yote kwa mara ya tatu, na mara ya tatu si rahisi kuliko ya kwanza. Mbwa alinilamba kiatu muda wote.

Nilingoja anifukuze. Aliinuka akaenda dirishani. Kwa miezi yote hii nilimdhania kuwa mtu asiyejali, anayekaa nyuma ya mlango kwa kiburi. Leo niliona kwamba amekonda kama Mzee Enoch.

"Baba yako aliniomba mara kumi na moja," alisema. "Nina kumbukumbu nzuri ya hesabu. Wewe ulikosea kopo, binti. Mimi nilikosea miaka kumi na moja."

Lakini hilo halibadilishi karatasi. Tarehe kumi na tano iko palepale. Kilichobaki ni kijiti cha yule mama, kama kilishika. Kama kipo hai, alisema, hatauza. Atafungua hata kama mwaridi una urefu wa kidole, na watu watakuja kuutazama unavyokua, kwa sababu watu ni watu.

Tuliteremsha kitabu cha wageni. Jumapili ya tarehe 27 Juni ina wanawake thelathini na wanne walioandika majina na anwani. Bibi Thursby ataandika kwa wote, kwa mkono wake, kwenye karatasi yenye nembo ya jumba. Mimi nitafungua majibu.

Jumamosi, 4 Septemba

Barua zimekwenda. Baba alisoma moja na akasema inasikika kama hati ya mahakama. Bibi Thursby akajibu kwamba ndivyo alivyofundishwa kuandika.

Jumanne, 14 Septemba

Shule imefunguliwa. Majibu kumi na tisa mpaka leo. Wengi wamekasirika. Mama mmoja wa Shrewsbury anasema hajawahi kuiba hata ua la makaburini na mumewe ni hakimu. Mwingine amerudisha kijiko cha chai cha mama, kimefungwa kwenye soksi, na maneno "Nisamehe, sijui kilichonipata." Mwingine amekiri kuchukua jani la kangaga mwaka 1971. Mama alicheka mpaka akakaa chini, mara ya kwanza tangu Julai, kisha akakihesabu kijiko pamoja na vingine na kukifunga kwenye gazeti.

Jumapili, 19 Septemba

Wageni 22. Mzee Enoch alikuja kwa basi. Hakuingia kwetu. Alizunguka bustani kama mgeni, amelipa kiingilio, akasimama mbele ya shimo, akaondoka. Nilimwamkia. Aliitikia.

Alhamisi, 23 Septemba

Majibu thelathini. Hakuna kijiti.

Jumatatu, 27 Septemba

Imekuja barua kutoka Kidderminster, karatasi ya bei rahisi, maandishi ya mtu aliyebonyeza kalamu kwa nguvu. Nainakili:

"Bibi, sikuchukua kitu chochote kwako. Siku hiyo mkono wangu mmoja ulikuwa umetundikwa shingoni. Mtu wa mkono mmoja anakataje? Usiniandikie tena. O. Tranter."

Barua ya Bibi Thursby haikutaja mkono. Haikutaja kitambaa. Na siku hiyo aliyetundika mkono shingoni alikuwa mmoja tu.

Jumanne, 28 Septemba

Nilimwonyesha baba. Alisema nisimpe Bibi Thursby bado, maana Bibi Thursby ameshasema kwamba akimpata atamtumia polisi mlangoni. "Ukimtisha atakichoma," alisema baba, "kama wewe ulivyochoma vile vingine." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja hali ya udongo.

Nikauliza tufanye nini. Akasema hajui kuandika barua, anajua kupanda tu, na kwamba mimi ndiye niliyesomeshwa.

Ijumaa, 1 Oktoba

Nimeandika barua nne na kuzichana. Kila moja inasikika kama mtego. Nikisema hatutakufanya lolote, inasikika kama tutakufanya. Nikisema tafadhali, inasikika kama hila. Mtu aliyeiba haamini barua ya aliyeibiwa, na mimi mwenyewe nisingeiamini.

Jumapili, 3 Oktoba

Leo jioni Jumba limefungwa, msimu umekwisha. Wageni 17. Mama amezima jiko la zizi na kulifuta.

Bi. Tranter, tangu mstari huu ninakuandikia wewe. Kesho asubuhi, kabla ya basi la shule, nitalifunga daftari hili lote kwa karatasi ya kahawia na kulipeleka posta. Mwalimu Haddon alitaka kulisahihisha Jumatano. Nitamwambia liko wapi, na atanipa alama atakayonipa.

Umeshasoma yote kufikia hapa, kwa hiyo unajua kwamba aliyeua mwaridi ni mimi na si wewe. Unajua niliona mkono wako na sikunyoosha wangu. Bibi Thursby hajui kwamba ni wewe, barua yako iko mfukoni mwa koti la baba, na hakuna atakayekuja mlangoni kwako labda wewe useme aje. Kama unacho, hatukitaki chote. Baba anasema kikishakua tawi moja la urefu wa kidole linatosha, na kwamba mti mama ubaki kwako, kwa sababu sasa anajua vizuri hatari ya kuwa na mmoja tu. Bibi Thursby atapaswa kukubali. Nadhani atakubali.

Kama hakikushika, tafadhali niambie vilevile. Baba huenda kwenye lile shimo kila asubuhi kabla ya chai na kuuvunja udongo kwa vidole ili usigande, na ningependa kumwambia aache.

Anasema kilichopandwa mwisho wa Juni, kama kimekubali, wakati huu kingekuwa kimeshaota jani jipya dogo jekundu karibu na jicho la juu. Karatasi zitatiwa saini Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na tano, saa tano asubuhi. Posta kutoka kwenu hufika kwetu kwa siku mbili. Nimeweka bahasha yenye stempu na anwani yetu katikati ya daftari, na huhitaji kuandika jina lako, neno moja tu linatosha.

Bi. Tranter, kina jani?